Nimepata leseni mwaka huu: je, Desemba niendeshe gari hadi Iringa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ninaishi Kimara, Dar es Salaam. Nimemaliza mafunzo ya udereva na nimepata leseni ya daraja D. Mume wangu amehamishiwa kazi Mtwara, na ametuachia gari dogo aina ya Toyota IST, la otomatiki, ambalo limekaa nyumbani miezi kadhaa bila kutembea. Desemba mdogo wangu anaolewa Iringa, nami ninatamani kwenda na gari hilo pamoja na mama yangu mzazi na watoto wangu wawili. Chuoni nilijifunza kwa gari la gia za mkono, katika barabara za mtaani, tena asubuhi tu. Ninaomba unieleze nijiandae vipi, gari niliandae vipi, na kama safari hiyo ninaiweza.

JIBU: Marahaba, dada yangu, na hongera kwa leseni. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo zito. Safari ya Iringa isiwe safari yako ya kwanza nje ya mji. Ukipata muda wa kufanya mazoezi nitakayoyataja hapa chini, na ukampata dereva mzoefu wa kukaa kando yako na kukupokea usukani kuanzia Mikumi, nenda. Usipompata, panda basi na familia yako mkafurahie harusi, kwani gari litakusubiri na barabara haihami.

Ninasema hivyo kwa sababu ninaijua barabara yenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takribani kilomita 500, na ni barabara hiyohiyo inayotumiwa na malori yanayokwenda na kurudi Zambia na Kongo. Baada ya Chalinze utakuwa nyuma ya semi-trela mara nyingi, na hapo ndipo dereva mgeni hujaribiwa kuliko mahali pengine popote. Tuseme lori linakwenda kilomita 60 kwa saa na wewe unalipita kwa kilomita 80. Kutoka nyuma yake hadi kurudi upande wako ukiwa umeliacha salama, utahitaji takribani sekunde 10. Katika sekunde hizo utakuwa umetembea zaidi ya mita 220, na gari linalokuja mbele yako kwa mwendo kama wako litakuwa limetembea kiasi hichohicho. Kwa hiyo unahitaji kuona karibu nusu kilomita ya barabara iliyo wazi kabla hujatoka kuovateki, wala si wazi kidogo na matumaini. Kwenye kona, kwenye kilele cha mlima na kwenye mstari usiokatika jibu ni moja tu, nalo ni kusubiri.

Utaona pia madereva wa malori wakiwasha indiketa ya kushoto kukuashiria kwamba mbele kuko shwari, na ya kulia kukuonya usipite. Ni desturi ya barabara zetu, na wengi wao huifanya kwa nia njema kabisa. Onyo lao lipokee, lakini ruhusa yao usiitegemee, kwa sababu anayekuruhusu hajui gari lako lina nguvu kiasi gani wala wewe una uzoefu wa miaka mingapi, na huenda indiketa ile ni ya kukata kushoto tu.

Kisha kuna Mlima Kitonga, baada ya Ruaha Mbuyuni. Wakati wa kwenda utaupanda, ukiwa nyuma ya malori yanayotambaa, na hilo linataka subira tu. Wakati wa kurudi utaushuka, na huko ndiko kwenye hatari. Dereva anayeteremka mteremko mrefu huku mguu ukiwa juu ya breki muda wote huzipasha breki moto, na zikishapata moto sana hupoteza nguvu, hata pedali ikaanza kuzama bila gari kupunguza mwendo. Dawa yake ni kuingia mlimani ukiwa na mwendo mdogo tangu juu, kisha kuhamisha gia kutoka D kwenda 2 au L ili injini yenyewe ilizuie gari, na breki uikanyage kwa vipindi. Kamwe usiteremke ukiwa umeweka N kwa nia ya kuokoa mafuta. Mazoezi haya yafanye kwanza kwenye kilima kidogo chochote cha mjini, ili usikie jinsi injini inavyopandisha sauti gia inaposhuka, usije ukaogopa sauti hiyo Kitonga na kurudisha D.

Sasa tuje kwenye gari. Gari lililokaa miezi kadhaa haliwashwi tu na kuondoka. Mpelekee fundi unayemwamini, naye afungue matairi yote manne aangalie breki, kwa kuwa unyevu wa Pwani hutia kutu na kuzifanya zigande. Muulize pia mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Oili na maji ya rejeta uyapime wewe mwenyewe asubuhi, injini ikiwa ya baridi, na mfuniko wa rejeta usiufungue kamwe injini ikiwa ya moto. Betri, taa zote, honi na waipa ni mambo ya dakika chache, ila waipa usizipuuze, maana Desemba mvua za Morogoro na Iringa zinakuwa zimeshaanza.

Katika matairi nitakaa kidogo, kwa sababu magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yametumika, na baadhi hufika na matairi yaleyale. Inama utazame ubavuni mwa tairi palipoandikwa DOT. Namba 4 za mwisho huonyesha wiki na mwaka lilipotengenezwa, kwa mfano 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na huku mpira wake umezeeka na kuanza kupasuka nyufa ndogondogo, na tairi la namna hiyo huweza kupasuka ukiwa kasi, juani, gari likiwa limejaa. Ukiona neno STUDLESS, hilo ni tairi la barafu la Japani, lenye mpira laini usiofaa kwa lami yetu ya moto, kwa hiyo ulibadilishe hata kama linaonekana jipya. Upepo ujaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, usisubiri kijana wa upepo akukadirie, na upime matairi yakiwa hayajapata moto. Spea tairi nayo ijazwe, jeki na wili spana viwepo, na kabla ya safari fungua tairi moja nyumbani kwa mikono yako, ujue kama nati zinalegea. Mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za tahadhari visikosekane, na bima iwe hai.

Kuhusu wewe mwenyewe, kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, nami linanitia wasiwasi kuliko mengine. Umejifunza kwa gari la klachi, sasa unahamia la otomatiki. Mguu wako wa kushoto umezoeshwa kukanyaga, na siku utakapotaharuki utatafuta klachi, utaikuta breki, nawe utaikanyaga kwa nguvu zote gari la nyuma likiwa karibu. Uvute mguu huo nyuma, uuweke sakafuni, na uendeshe kwa mguu wa kulia peke yake mpaka uzoee. Vaa viatu vinavyokaa mguuni, si kandambili. Zulia la miguuni lisiwe linateleza, na chupa ya maji isikae upande wako, kwa sababu ikibingiria chini ya pedali ya breki hutaweza kuikanyaga mpaka mwisho.

Kiti ukirekebishe gari likiwa limesimama. Mgongo uegemee sawasawa, goti libaki limepinda kidogo hata breki ikikanyagwa mpaka mwisho, na kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani kwa ajili ya mfuko wa hewa. Vioo vya pembeni vipanue kwa nje hadi ubavu wa gari lako uonekane kidogo sana, kwa maana bodaboda hupita hapo hapo usipopaona. Hata hivyo geuza shingo kabla ya kuhama njia. Mama na watoto wakae nyuma, kila mmoja na mkanda wake, na mdogo awe na kiti chake cha mtoto. Kumpakata mtoto si kinga, kwa sababu gari likigonga hakuna mikono inayoweza kumzuia.

Mazoezi yapande ngazi. Anza Jumapili alfajiri, barabara zikiwa tupu. Ukizoea, ingia Barabara ya Morogoro mchana, ukae njia zako na kuiacha ya mwendokasi kwa mabasi yake. Baadaye uendeshe siku ya mvua, kisha usiku kwa umbali mfupi. Mwisho uende na dereva mzoefu hadi Chalinze na kurudi siku hiyohiyo. Vibao vya 50 vijijini uviheshimu hata pasipo na trafiki mwenye tochi, kwa sababu viliwekwa kwa ajili ya watoto wanaovuka. Ukirudi Chalinze mabega yamekukaza na kichwa kinauma, mwili wako umekwambia kwamba Iringa bado.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 61, mkazi wa Tanga. Kijana wangu amepata leseni na ninamsindikiza barabarani kila Jumamosi, lakini kila tukitoka tunarudi tumenuniana. Nikosoeje bila kumharibu?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Kazi unayoifanya ni kubwa, na wazazi wengi hawaifanyi. Tatizo kwa kawaida ni wakati wa kusema. Ukimwambia “kata kulia” mkiwa mmeshafika kwenye njia panda, atafanya mambo mawili kwa pupa, na neno “breki!” likipigwa kwa ukelele humfanya akutazame wewe badala ya barabara. Mweleze mapema, kwa utulivu, mita 100 kabla. Kosa lisilo la hatari liache mpaka msimame pembeni, injini imezimwa, na hata hapo taja moja au mawili tu.

Kuna zoezi ambalo ninalipenda sana. Mtake aseme kwa sauti anachokiona mbele: “daladala inasimama kituoni, kuna mtu atachomoka mbele yake; mtoto ana mpira upande wa kushoto; baiskeli bila kioo.” Utajua mara moja macho yake yako wapi, naye atajifunza kutazama mbali badala ya kutazama boneti. Simu ziwe zimezimwa, yake na yako. Kwa miezi ya mwanzo asibebe marafiki, kwa sababu kijana mwenye wenzake garini huendesha kwa ajili yao.

SWALI: Ninaishi Mwanza, nina leseni ya miezi minne. Usiku gari linalokuja likiniwashia taa kali ninapofuka kabisa kwa muda. Nifanye nini?

JIBU: Punguza mwendo mara tu unapoiona taa ikija, kabla haijakufikia, na uhamishie macho kwenye ukingo wa kushoto wa barabara, au kwenye mstari mweupe kama upo, ukiufuata mpaka gari lipite. Mwashie mara moja ili apunguze taa. Asipopunguza, usimlipizie kwa taa zako kali, kwa maana mtakuwa vipofu wawili mnaopishana. Kioo cha mbele kisafishe na kwa ndani pia, kwa kuwa utando wa vumbi na moshi ndio unaoutawanya mwanga wote machoni. Taa zako nazo zikague, kwani plastiki iliyofifia hula mwanga mwingi.

Zaidi ya hayo, tazama hesabu hii. Kwa kilomita 80 kwa saa kwenye lami kavu, tangu uone kitu hadi gari lisimame utatembea karibu mita 60, na kwenye lami yenye maji zaidi ya hapo. Taa za chini za gari dogo mara nyingi hazikuonyeshi kwa umbali huo mtu aliyevaa nguo nyeusi, wala baiskeli isiyo na kioo cha nyuma, wala ng’ombe aliyelala barabarani. Kwa hiyo usiku nje ya mji mwendo wako uwe ule unaokuwezesha kusimama ndani ya eneo ambalo taa zako zinalimulika, na kwa miezi hii ya mwanzo upange safari zako ndefu ziishe kabla ya magharibi.