Saa Kumi na Mbili na Nusu Ni ya Popo

Kuna saa moja nyumbani kwangu ambayo ningeiuza, kama angepatikana mnunuzi. Inaanza saa kumi na mbili jioni. Basi la shule limeshawashusha wale wawili wakubwa, mmoja ana soksi moja. Kitinda mimba alilala alasiri saa mbaya na ameamka na hasira zake. Ndengu ziko motoni zinataka kushika chini. Wakati huohuo mtu anakumbuka kwamba mwalimu alisema kesho waje na vifuniko kumi vya chupa na karatasi ya manila. Wenzangu mnaolea watoto wa mtaala wa umilisi mnanielewa.

Kwa miaka nilipambana na saa hiyo kwa koo. Nikipaza sauti, nao wanapaza. Walionitoa huko ni popo.

Tunaishi Woodley, mtaa wa Nairobi, nyumba ya zamani yenye mkuyu nje na mpera wa jirani unaoinamia kwetu. Wiki tuliyohamia nilisikia usiku sauti kama ya kijiko kikigongwa kwenye glasi, ting, ting, ting, haichoki. Nikamtuma baba watoto akamwambie jirani azime alamu ya gari. Kumbe ni dume la popo wa matunda anamwita jike. Ukimwona karibu ana uso wa kijibwa, macho makubwa, na vishungi vyeupe chini ya masikio kama aliyepakwa unga. Nilimpenda papo hapo. Mama mkwe mpaka leo anaona nina kasoro, na shuka zangu nyeupe zilizotiwa madoa kwenye kamba zinamuunga mkono.

Sasa ushauri. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na kitu hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini na kitu. Popo nao hutoka giza likianza kuingia. Huna haja ya kengele wala ratiba ya kubandika kwenye friji. Ikifika na nusu nazima jiko na tunatoka wote, hata mwenye povu la sabuni masikioni, tunakaa kwenye ngazi dakika kumi tukitazama juu. Anayemwona wa kwanza hapewi kitu. Niliwahi kutoa biskuti, vita vilivyozuka vilitushinda. Tukirudi ndani vurugu bado ipo, lakini imeshuka sauti. Najua utaniambia huna dakika kumi. Mimi pia sikuwa nazo. Nilizikata kwenye zile za kufokeana.

Kama huna mkuyu, tafuta taa. Hata mitaa kama Umoja au Pipeline, chini ya mulika mwizi, zile taa ndefu za mtaani, utaona popo wadogo wakikata kona kama matatu inayokwepa askari. Hao hula wadudu, na huwinda kwa kutoa sauti nyembamba tusizoweza kuzisikia, kisha wakasikiliza mwangwi wake. Wale wa matunda wengi wao hutegemea macho na pua. Mwanangu wa kati aliposikia hayo alifumba macho akakimbia sebuleni akipiga mbinja ili aone kama ataugonga ukuta. Aliugonga.

Hapa nikiri kosa langu. Niliwafundisha kupenda kabla ya kuwafundisha kukaa mbali. Siku moja nilifungua kopo la chakula la kifungua mimba nikitafuta kijiko, nikakuta mtoto wa popo amelazwa juu ya kitambaa, bado anapumua. Alimwokota chini ya mpera, “amepotea mama yake.” Ana miaka minane, na alikuwa amembeba kiganjani njia nzima. Popo anaweza kubeba virusi vya kichaa cha mbwa, na meno yake ni madogo kiasi kwamba aliyeumwa huenda asione hata alama. Tulimwosha mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, nikihesabu kwa saa ya ukutani, kisha moja kwa moja hospitalini, akaanzishiwa chanjo. Alilia kwa ajili ya popo kuliko kwa ajili ya sindano.

Tangu hapo sheria ya ngazi zetu ni macho tu, mikono mfukoni. Ianze kabla ya hadithi yoyote tamu, na usiifundishe kwa kumfanya popo jini; mtoto aliyetishwa hukuficha alichookota. Akiingia popo ndani, acha ufagio. Toa watoto, funga mlango wa chumba, fungua madirisha yote, zima taa, ngoja nje. Atatoka mwenyewe. Ukimkuta chumbani alikolala mtoto, mweleze daktari hata kama huoni jeraha.

Kuna kitendawili ambacho wa kati alirudi nacho shuleni: popo mbili zavuka mto. Jibu ni macho. Akauliza kwa nini isiwe “popo wawili wavuka mto.” Nikafurahi kuliko alivyotarajia, kwani ana haki: asili yake ni popoo, lile tunda gumu la kutafunwa na tambuu. Mnyama hana hatia humo. Ndengu ziliungua siku hiyo.

Watu huniuliza popo wananifunza nini kuhusu malezi. Wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, hivyo wasinihubirie. Lakini wapo wale wanyonya damu, wanaopatikana bara la Amerika peke yake, ambao wakikosa chakula siku mbili tatu wanakufa. Aliyeshiba humtapikia mwenzake aliyerudi mtupu, na aliyewahi kutoa ndiye hupewa kwa wepesi. Nilipolisoma hilo niliwaendea mama wa nyumba namba nne na mama wa kule kwenye geti la kijani. Sasa Jumanne nawapokea watoto wote kwenye basi mimi, Alhamisi ni wa namba nne, Ijumaa mwingine. Nisikuambie ni upendo mtupu. Mama wa geti la kijani huhesabu zamu zake kama mhasibu. Afadhali hivyo.

Wiki iliyopita mwalimu aliwaambia kina kitinda mimba, walioko chekechea, wachore mnyama wanayemjua. Wangu alichora popo ananing'inia, kichwa chini, na mkuyu juu yake. Daftari lilirudi na alama ya vema nyekundu, ila mwalimu alikuwa ameligeuza karatasi kwanza, kwa hiyo vema nayo imekaa kichwa chini. Mtoto aliliweka mezani mbele yangu, mikono kiunoni, akasema mwalimu amemsimamisha popo wake na atamfanya apate kizunguzungu. Nikatia sahihi chini. Au juu.