Maswali ya Wasomaji: Kutu, Vumbi na Mkonge kwenye Reli ya Mezani

Barua tatu za toleo hili zinahusu ufundi mmoja, yaani ujenzi wa reli ndogo ya mezani: mfano wa reli halisi uliopunguzwa kwa kipimo maalumu, wenye treni zinazotembea kwa umeme. Barua ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu swali lake ndilo linaloulizwa na karibu kila anayeanza.

Msomaji wa Voi anauliza:

Shikamoo Fundi. Nimejenga juu ya ubao wa mita mbili mfano wa stesheni ya Voi kama nilivyoijua utotoni, kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Ardhi nimeipaka rangi nyekundu, nyumba nimezikata mwenyewe kwa kadibodi, na mabehewa ya mizigo nimeyanunua yakiwa tayari. Vipimo nimevihakikisha mara mbili, lakini kila anayetazama anaona kitu cha kuchezea watoto. Kasoro iko wapi?

Jibu: Marahaba, na hongera kwa kazi. Nimezitazama picha zako kwa muda mrefu, na vipimo havina neno. Reli ya zamani inayopita Voi ina upana wa milimita 1,000, kwa hiyo njia ya milimita 12 uliyotumia inafaa; wapo wanaonunua njia ya milimita 16.5 bila kujua kwamba kwa kipimo hicho wamejenga reli pana ya milimita 1,435, mfano wa ile iliyofunguliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Kasoro ni kwamba kila kitu juu ya ubao wako kimezaliwa siku moja. Ardhi ina wekundu wa aina moja kutoka pembe hadi pembe, mabehewa yote yanang'aa sawasawa, na hakuna dalili hata moja ya jua, mvua au mzigo uliowahi kumwagika.

Anza na ardhi, nawe una bahati kwamba udongo unaoutafuta uko nje ya mlango wako. Chota kopo moja, uchekeche kwa chujio la chai, kisha upitishe tena kwenye soksi nyembamba ya kike, ili ubaki na unga wa kutandaza na chembe kubwa kidogo za kuweka kandokando ya tuta. Ukaange kwenye sufuria kuukuu hadi ukauke kabisa na wadudu wafe. Baada ya hapo funga sumaku ndani ya mfuko wa nailoni na uipitishe ndani ya udongo huo mara kadhaa. Utaona nywele nyeusi za chuma zimeganda juu ya nailoni. Hatua hiyo mimi niliiruka katika ubao wangu wa kwanza, na chembe hizo zikavutwa na sumaku ya mota ya kichwa cha treni mpaka kikaanza kukwaruza na kusimama katikati ya njia. Jambo la mwisho kuhusu udongo ni wepesi wa rangi yake. Udongo ukinywa gundi huwa mweusi zaidi, na taa ya sebuleni haina nguvu ya jua la nyika kavu ya Taru, kwa hiyo uchanganye na majivu yaliyochekechwa au unga wa chaki mpaka uonekane umepauka kuliko unavyodhani unastahili.

Sasa mabehewa. Watu wengi huchukua rangi ya kahawia na kuipaka kila mahali wakisema wanaweka kutu, na matokeo yake ni behewa lililopakwa tope. Kila doa kwenye behewa halisi lina chanzo chake, na mkono wako haupaswi kuweka doa ambalo hujui limetoka wapi. Vumbi hurushwa na magurudumu, kwa hiyo huwa zito chini na kwenye ncha mbili za behewa, kisha hupungua kadiri unavyopanda. Jua hupiga paa na sehemu za juu, kwa hiyo rangi ya huko hupauka kwanza. Maji ya mvua huteremka wima, kwa hiyo michirizi yote iwe wima, na kila mchirizi uanzie kwenye bawaba, ribiti au ukingo wa mlango. Kutu mpya ina rangi ya chungwa na hukaa mahali rangi ilipobanduka hivi karibuni, ilhali kutu ya miaka mingi ni ya kahawia iliyoiva karibu na weusi. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, ya zamani katikati na mpya pembezoni, jicho linaamini mara moja.

Chukua lile behewa lako la tangi la mafuta, ulifanyie kazi peke yake jioni moja. Kwanza lipulizie vanishi isiyong'aa, kwa sababu plastiki inayong'aa haishiki unga wala rangi nyepesi. Likikauka, weka nukta ndogo ya rangi ya mafuta nyeusi, ndogo kama kichwa cha pini, chini kidogo ya mfuniko wa juu ambako mafuta hujaziwa. Chovya brashi bapa kwenye tapentaini, uifute kwenye kitambaa mpaka ikaribie kukauka, kisha ivute nukta ile kuelekea chini kwa mkono mwepesi, mara moja, mara mbili. Nukta itafunguka na kuwa mchirizi mzito juu na mwembamba chini, kama mafuta yaliyomwagika wakati wa kujaza. Rudia mara tatu au nne kwa urefu tofauti, kisha uache. Usitumie thina kali ya kupakia rangi magari, kwa kuwa inayeyusha plastiki.

Baada ya siku moja, saga chaki za kuchorea picha kwa wembe na upake unga wake kwa brashi laini kwenye magurudumu na fremu ya chini. Chaki ya ubaoni haifai, maana hupotea vanishi ikipita juu yake. Unga huo uchanganye na kiasi kidogo cha udongo ule ule uliotandaza ardhini, uliosagwa mpaka ukawa kama poda. Hilo kwangu ndilo jambo kubwa kuliko mengine yote katika barua hii: vumbi la ardhi na vumbi la behewa likiwa kitu kimoja, behewa linakuwa la mahali hapo, nalo haliwezi tena kuonekana kama limetolewa dukani asubuhi.

Nimeona pia kwamba mataruma yako, yaani vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuishikilia, umeyachora mistari ya mbao. Sehemu kubwa ya reli ile ya zamani ina mataruma ya chuma. Yapake rangi ya kutu iliyokomaa, na mgongo wa reli uusafishe ung'ae, kwa kuwa magurudumu hupita hapo na umeme wa treni yako pia hupita hapo.

Msomaji wa Korogwe anauliza:

Ndugu Fundi, nataka kupitisha reli yangu katikati ya shamba la mkonge. Mimea ya dukani yote ni ya Ulaya. Vilevile kila ninapomwaga gundi juu ya kokoto za relini, kokoto zinaelea na kujikunja kuwa vidonge. Nifanyeje?

Jibu: Kokoto zinajikunja kwa sababu gundi imekuta vumbi kavu na ikashindwa kupenya. Tandaza kokoto zikiwa kavu, zifagie kwa brashi zitoke juu ya mataruma, kisha zinyunyizie ukungu wa maji yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo mpaka zilowe kabisa. Hapo ndipo udondoshe gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja kwa sehemu mbili au tatu za maji, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usiguse chochote hadi kesho. Pale njia inapogawanyika tumia gundi kidogo sana, isije ikashika vile vyuma vinavyosogea.

Kuhusu mkonge, kata karatasi ngumu iliyopakwa kijani chenye ujivu kuwa nyota zenye ncha nyingi, kila jani kama milimita 14, uzipandanishe tatu au nne juu ya kijiti na uyakunje majani yaelekee juu. Mimea iliyokwisha kuvunwa mara nyingi acha shina lake lionekane wazi chini, kwa sababu wavunaji hukata majani ya chini kwanza. Panda mistari miwili miwili, halafu nafasi ya kupita mtu. Milingoti, yaani yale mashina marefu ya maua ya mkonge, weka michache sana, maana shamba lenye milingoti mingi ni shamba lililotelekezwa. Nyasi kavu usinunue: fumua kamba ya katani, ikate vipande vya milimita tano, uvisimamishe kwenye gundi vikiwa vishungi vishungi. Nimejaribu nyasi za viwandani za aina kadhaa na sijaona inayoshinda katani kwa rangi ya kiangazi chetu.

Msomaji wa Nairobi anauliza:

Fundi, nilijinyima muda mrefu nikapata mfano wa kichwa cha treni cha daraja la 59, kile kikubwa cha rangi ya damu ya mzee. Nimeweka vipande vya makaa nyuma yake. Ninataka kukichakaza kama cha kazi lakini mkono unatetemeka. Je, si kuharibu mali?

Jibu: Woga wako una sababu. Vichwa hivyo 34 vilijengwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950, kila kimoja kikiwa na urefu wa karibu mita 32, na mfano wake ni kitu cha thamani. Hata hivyo aliyetufundisha kwamba uchakavu ni sanaa, John Allen, mjenzi wa reli ndogo wa Monterey, California, alikuwa akivichakaza hata vifaa vyake vizuri kabisa. Reli yake kubwa iliteketea kwa moto siku chache baada ya kifo chake mwaka 1973, lakini alikuwa mpiga picha, na picha zake bado zinatazamwa na wajenzi wa reli ndogo hadi leo.

Jizoeze kwanza kwenye behewa bovu lisilokuwa na bei. Kisha kwenye kichwa chako tumia unga wa chaki pekee, bila vanishi juu yake. Usipokuridhisha, utautoa kwa kitambaa chenye maji. Mount Gelai, kichwa halisi cha daraja hilo kilichoko kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, kitakupa umbo na mpangilio wa mabomba, lakini hakitakupa uchafu, kwa sababu kimepakwa rangi kwa ajili ya wageni. Uchafu utafute katika picha za zamani za vichwa vikiwa kazini: masizi mgongoni nyuma ya bomba la moshi, michirizi myeupe ya chokaa ya maji chini ya vali, na weusi wa grisi kwenye fimbo za magurudumu.

Makaa uyaondoe leo hii. Daraja la 59 lilichoma mafuta mazito, na mahali ulipoyaweka ni juu ya tangi. Badala yake, weka doa jeusi lenye kung'aa kidogo kuzunguka mfuniko wa kujazia, na mchirizi mmoja unaoteremka ubavuni.