Umepewa parachuti? Usijitoe kwenye timu

Juzi kijana mmoja ameniandikia. Yuko kwenye timu ya roketi za mfano, na amepewa kukunja parachuti kwa sababu "nafasi nzuri zilishachukuliwa". Anauliza ajitoe au avumilie, na mwishoni anauliza afanyeje na parachuti iliyoungua pembeni. Mdogo wangu, usijitoe. Nakwambia mimi niliyeachiwa kazi hiyohiyo.

Kwenye timu yetu kila mtu aligombea mapezi, yale mabawa madogo ya mkiani mwa roketi. Kuchora mapezi kwenye programu ya OpenRocket ndiko kwenye sifa: umekaa mbele ya kompyuta, wenzako wamekuzunguka, mwalimu akipita anakusifu wewe. Mimi nikasukumiwa karatasi ya plastiki, nyuzi na kopo la poda. Wakaniita fundi cherehani. Sawa.

Sasa tazama roketi yenyewe inavyofanya kazi. Chukua injini ya C6-5, ambayo wengi huanzia nayo. Ile 6 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni; 5 ni sekunde za kusubiri baada ya msukumo kwisha, roketi ikiendelea kupanda kwa kasi iliyobaki nayo. Kisha chaji ndogo inalipuka kuelekea mbele, pua inachomoka, parachuti inafuata. Kumbuka huo ni moto. Pasipo karatasi isiyoshika moto katikati, plastiki inayeyuka na kuwa donge, na yale mapezi ya sifa yanakuja chini kama jiwe.

Kwa hiyo sikuwahi kukunja usiku wa kuamkia mashindano. Plastiki ikilala imekunjwa inashika mikunjo, hasa kukiwa na baridi. Nilikunja palepale uwanjani: poda kidogo, mikunjo mipana, nyuzi zikizungushwa kwa ulegevu. Naiingiza kwenye bomba, naweka mdomo upande wa nyuma kabla injini haijawekwa, napuliza. Isipotoka kwa pumzi yangu, naanza upya. Nahodha alikuwa akipiga kelele kwamba nachelewesha watu. Nilimwacha apige.

Mashindano yetu yaliiga masharti ya American Rocketry Challenge ya Marekani: unabeba yai bichi, unalenga kimo kilichotajwa na muda uliotajwa wa kukaa angani, na yai likipasuka mruko huo haukuletei kitu. Hebu niambie, muda huo unapangwa na nani? Sehemu kubwa ni parachuti. Katika majaribio roketi yetu ilikuwa inaelea mno, basi nikakata tundu la duara katikati ya parachuti, nikalipanua kidogo kidogo kila baada ya mruko, hadi saa ikakubali. Siku yenyewe yai nililitoa mimi kwenye sifongo. Zima, halina hata ufa.

Kwenye hotuba ya ushindi walishukuriwa wachoraji. Kwenye picha nimetokea bega tu. Miaka imepita, na bado nikiiona ile picha nanuna, sitawadanganya.

Lakini vijana, sifa haziombwi. Ipende kazi uliyopewa, uijue kuliko yeyote kwenye timu. Weka daftari: ukubwa wa parachuti, urefu wa nyuzi, upepo ulivyokuwa, muda wa kushuka. Siku mambo yakiharibika, mwenye daftari ndiye anayesikilizwa, hata nahodha atakuja kukuuliza. Na nyinyi wachoraji, acheni kiburi. Gundi mnayoimwaga kwenye mapezi inaongeza uzito mkiani, kitovu cha uzito kinarudi nyuma, roketi inayumba, halafu mnakuja kumtazama mtu wa parachuti kwa jicho baya. Pimeni roketi baada ya gundi kukauka, si kabla. Ijueni kazi yenu na nyinyi.

Na lile swali lako la mwisho, kuhusu parachuti iliyoungua pembeni: usiibandike kiraka cha selotepu. Pale penye kiraka panakuwa pagumu na hapakunjuki vizuri. Itupe, kata nyingine, na safari hii ongeza karatasi ya kuzuia moto.