Yaonje maji kabla ya kumchanganyia mtoto

Mwanangu wa pili alikuwa na miezi kumi alipoanza kuharisha. Bibi yake akasema ni meno hayo, na mimi nikakubali, maana fizi zilikuwa zimevimba kweli. Siku ya pili nikamchanganyia maji ya chumvi na sukari kama nilivyofundishwa: lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza mlima. Nikampa kidogo kidogo. Kiu ikazidi, midomo ikakauka, akawa analia ukimgusa tu.

Nilipomfikisha kwa muuguzi nilidhani ataniuliza vipimo. Akauliza, "Maji uliteka wapi, mama?" Kisima cha ndani, nikamwambia, hapa mtaani Langoni. "Umeyaonja?"

Sikuyaonja. Sisi tuliokulia mji wa Lamu ulimi umeshazoea maji ya magadi, yenye chumvichumvi, hata chai tunainywa hivyo hivyo. Lakini kuchemsha huua vijidudu tu. Chumvi haiendi popote. Maji yakipungua sufuriani ndiyo inakolea. Mimi nikaongeza nusu kijiko juu yake.

Kwa hivyo kama kisima chenu kina chumvi, maji ya kuchanganyia dawa ya mtoto yatafute kwingine: ya bomba yanayotoka visima vya kijiji jirani cha Shela, au ya mvua. Wenzetu wa visiwa vya Pate na Ndau wenye jabia, yale matangi ya kukinga mvua, wako mbele yetu kwa hili. Bora zaidi, weka pakiti mbili tatu za ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini, nyumbani kabla mtoto hajaugua, na hata hizo uchanganye kwa maji yasiyo na chumvi. Pamoja nazo ulizia vidonge vya zinki. Mtoto wa miezi 6 kwenda juu hupewa miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Wengi wetu huacha siku ya tatu, choo kikishikana. Usiache. Ziwa naye aendelee kunyonya.

Ukiona macho yamedidimia, utosi umebonyea, analia bila machozi, au choo kina damu, usingoje asubuhi.

Baada ya hapo nikaanza kuchunguza maji yangu mwenyewe. Choo na kisima vinatakiwa viachane kama mita 30. Nitajieni nyumba ya Langoni yenye mita 30! Yetu havifiki hatua kumi, na chini ni mchanga mtupu. Maji ya kisima sasa ni ya kufulia na kuogea.

Lakini aibu yangu kubwa ilikuwa kata ya kutekea maji. Nilikuwa nachemsha maji vizuri, nayamimina mtungini, kisha kata inalala juu ya kifuniko na kila apitaye anateka. Asubuhi moja nikakaa jikoni nikipara samaki, nikahesabu: mikono saba, mmoja umetoka kumfunga punda. Vidole vinazama mpaka kwenye pete. Nikanunua ndoo yenye kibomba chini, na dawa ya klorini natia kulingana na maandishi ya chupa, nangoja nusu saa ndipo tunakunywa. Maji yakiwa na tope nayachuja kwa leso safi kwanza, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu dawa.

Na kinyesi cha mtoto, jamani, tusikimwage mtaroni kwa kusema ni cha mtoto, hakina neno. Kina neno. Masika mitaro ikifurika, watoto wa mtaa mzima wanacheza na vifuu vinavyoelea humo. Kiende chooni, nawe unawe kwa sabuni.

Chanjo ya rota, kirusi kinachoharisha watoto, ambayo Kenya iliianza 2014, mwanangu aliikosa kwa uzembe wangu wa safari. Huanza wiki ya 6. Wa tatu sikurudia kosa.

Bibi yake ameikubali ndoo, ila bado asema yalikuwa meno.