Jibu: Kuchangia GPU kwenye Petals usiku tu

Habari mkuu. Nimekusoma: mchana ofisi inaitumia GPU (kadi ya picha) kuhariri video, usiku unataka kuichangia Petals, mfumo ambao watu huunganisha kompyuta zao kuendesha modeli kubwa za AI kwa pamoja, ila seva yake ikiwaka inameza memori yote ya kadi.

Anza na --num_blocks, chaguo la amri ya kuwasha seva linaloweka idadi ya tabaka (vipande vya modeli) ambazo kadi yako itabeba. Usipoiweka, Petals inakadiria yenyewe tabaka ngapi za modeli zitaenea, inajaza. Mimi huanza na tabaka chache, natazama nvidia-smi (amri inayoonyesha memori ya kadi iliyotumika), kisha naongeza huku nikiacha nafasi.

Ratiba mwachie cron, programu inayoendesha amri kwa saa ulizopanga: iwashe seva saa tatu usiku, iizime saa kumi na moja alfajiri. Angalia hapo, cron inataka 21 na 5, si 3 na 11! Ukijitoa, programu ya mtumiaji inatafuta seva nyingine yenye tabaka zilezile.

Kuhusu nani aruhusiwe, mtandao wa umma uko wazi kwa yeyote. Mkitaka wa matawi ya ofisi yenu tu, anzisheni seva ya kwanza kwa --new_swarm, wengine wajiunge kwa --initial_peers (anwani ya seva hiyo). Nakusihi, nyaraka za wateja zisipite kwenye ule wa umma. Wenye seva nyingine wanaweza kuzisoma.

Hujataja kadi ina GB ngapi. Itaje tukupigie hesabu ya tabaka.