Nyumba ya mawe Mikindani: saruji iweke kando

Mikindani iko kilomita kama 10 tu kutoka Mtwara mjini. Ilikuwa bandari ya majahazi tangu zamani, kabla ya Mtwara yenyewe kupata bandari yake ya kina kirefu kwa ajili ya mradi wa Waingereza wa kulima karanga mwishoni mwa miaka ya 1940. Boma la Wajerumani la 1895 lilikarabatiwa likawa hoteli, na wenye nyumba za urithi wakaanza kujiuliza kama na zao zinaweza kulaza wageni. Zinaweza. Tatizo ni kwamba nyingi huuawa na ukarabati wenyewe.

Kabla ya fundi, malizeni mirathi. Nyumba yenye warithi tisa na karatasi ya marehemu babu haikarabatiki: mmoja akianza, wa pili anadai chake. Msimamizi wa mirathi ateuliwe mahakamani, makubaliano yaandikwe, kisha ndipo muende Manispaa kuomba kibali. Ulizeni na Idara ya Mambo ya Kale, inayosimamia majengo ya kihistoria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, lakini hata jengo la baadaye linaweza kutangazwa kuwa la kulindwa, na ni nafuu kulijua hilo kabla hujabomoa.

Kazi ianzie juu. Paa likivuja, kila unachofanya chini ni hasara. Ukikuta mti umeota juu ya ukuta usiung'oe, maana mizizi hutoka na mawe yake. Kata shina, uache mizizi ife, kisha uitoe kidogo kidogo huku ukijaza chokaa. Halafu chunguza boriti. Vyumba vya zamani ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na boriti huozea pale inapoingia ukutani, mahali pasipoonekana. Choma ncha hiyo kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, badilisha. Badilisha mbovu tu. Mikoko haikatwi bila kibali cha misitu, kwa hiyo mbao ngumu iliyotiwa dawa inatosha.

Sasa kuta. Jiwe la tumbawe, ndilo lililojengea nyumba hizi, lina vitundu, linavuta maji ya ardhini na kuyapumua nje kupitia lipu ya chokaa. Ukilipiga saruji unaziba pua. Maji yanazidi kupanda, chumvi inabaki nyuma ya lipu, inaganda chembechembe na kuisukuma. Mvua mbili tatu zikipita lipu inaanguka kama ganda, na imeng'oa uso wa jiwe. Fundi atakwambia saruji ilikuwa kidogo, aongeze. Mkatalie. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: panapolia kama debe tupu lipu imeshaachia, ibandue kwa patasi nyembamba na nyundo ndogo, si kwa sururu.

Chokaa mbichi iliyotoka tanuruni hutiwa kwenye maji, kamwe si maji juu ya chokaa, maana hulipuka na kurukia macho. Funika pipa, maji yabaki juu yake, uiache wiki tatu au zaidi. Ikikaa miezi ndiyo bora. Anayekuuzia aulizwe jiwe katoa wapi. Kuna mawe ya kuchimba nchi kavu, hakuna sababu ya kuchoma matumbawe hai ya baharini. Mchanga uwe wa mto, wenye chembe kali, ndoo tatu kwa ndoo moja ya chokaa. Wa ufukweni unaingiza ukutani chumvi ileile unayopigana nayo.

Lowesha ukuta kwanza. Piga tabaka lisilozidi sentimita moja, acha likaze siku kadhaa, ndipo lingine. Kinachoharibu kazi Mikindani ni upepo wa kusi. Miezi ya kiangazi ndiyo ya kufanyia kazi, kwa kuwa huku mvua huanza kama Novemba au Desemba, lakini kusi hukausha lipu kwa nje kabla haijashika ndani, ikapasuka nyufa kama utando wa buibui. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta na uyamwagie maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Hapo mafundi wengi huchoka. Lipa kwa siku, si kwa mita, vinginevyo magunia hayatalowa.

Umaliziaji ni chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Rangi ya mafuta inaziba kama saruji.

Baraza ya mbele iache ilivyo, bila vigae. Mgeni anayetoka kuangalia Boma na milango ya nakshi anataka pa kuketi apate kahawa na kashata, na hapo ndipo pesa ya kwanza inapoingia, kabla hata kitanda hakijanunuliwa. Choo na bafu vijengwe uani, mbali na kuta za zamani. Bomba likipitishwa ndani ya tumbawe, siku litakapovuja utalijua miezi baadaye, ukuta ukishalowa hadi kifuani.