Maswali na Majibu: Benki Uchumi Unapoyumba

Benki yangu hutangaza kila mwaka kwamba mtaji wake umepita kiwango cha sheria. Je, hiyo si kinga tosha? (Msomaji, Nakuru)

Si tosha, kwa kuwa mtaji na ukwasi ni vitu viwili. Mtaji ni fedha za wenye benki zinazobeba hasara mikopo isipolipwa, ilhali ukwasi ni uwezo wa kumlipa mteja aliyesimama dirishani leo. Benki Kuu ya Kenya hudai vyote viwili: mtaji usiopungua asilimia 14.5 ya mali zilizopimwa kwa kadiri ya hatari yake, na mali za kugeuzwa fedha upesi zisizopungua asilimia 20 ya amana. Mwaka 2016 Chase Bank ilichapisha hesabu zake za mwaka mara mbili, na zile za pili zikaonyesha kwamba mikopo iliyotolewa kwa watu wa ndani, yaani wakuu na wafanyakazi wa benki yenyewe, ilikuwa mikubwa kuliko ilivyoelezwa awali. Wenye amana, ambao walikuwa wameshuhudia Dubai Bank na Imperial Bank zikianguka mwaka uliotangulia, walikimbilia kutoa fedha zao, na tarehe 7 Aprili benki ikafungwa. Mtu aliyeshikwa na hofu hasubiri kukokotolewa uwiano wa mtaji.

Wakati wa corona benki ziliahirisha marejesho ya mikopo. Je, huko kulikuwa kudhibiti hatari au kuificha? (Msomaji, Kwale)

Inategemea kilichoandikwa vitabuni siku mkopo ulipoahirishwa. Kufikia mwisho wa Februari 2021, mikopo ya Sh1.7 trilioni, yaani asilimia 57 ya mikopo yote ya benki nchini, ilikuwa imepangwa upya kwa idhini ya Benki Kuu.

Tuseme mwenye hoteli ndogo huko Diani anadaiwa Sh4 milioni kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka. Akisimamishiwa marejesho kwa miezi sita, riba ya Sh260,000 hivi haifutiki, bali hupandishwa juu ya deni, hata wageni wakirudi anajikuta anadaiwa zaidi ya alivyodaiwa siku alipofunga milango. Kwa hiyo afisa wa mikopo anayeijua kazi yake huuliza kwanza kama vyumba vilikuwa vikijaa kabla ya janga. Ikiwa vilijaa, subira itawaokoa wote wawili. Ikiwa mteja alikuwa akichelewesha malipo tangu 2019, kuahirisha ni kuusogeza mbele msiba uliokwisha kuingia nyumbani.

Kanuni ya uhasibu ya IFRS 9, iliyoanza kutumika 2018, huitaka benki itenge fedha kwa hasara inayotarajiwa bila kungoja mkopo uwe chechefu, yaani usiolipwa kwa wakati. Wakurugenzi wengi hawaifurahii, maana fedha zinazotengwa hupunguza faida, na faida ikipungua gawio nalo hupungua (na marupurupu yao, tusisahau). Kwa maoni yangu, hapo ndipo udhibiti wa hatari hujulikana kama ni wa kweli au ni wa karatasi.

Je, si salama zaidi benki ziache kukopesha na kununua hatifungani za serikali? (Msomaji, Eldoret)

Hatifungani ni hati ya deni: benki huikopesha serikali na kulipwa riba. Serikali huenda ikalipa hadi senti ya mwisho na benki bado ikapata hasara. Hatifungani ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 10, iliyonunuliwa kwa Sh100, hushuka thamani hadi Sh79 hivi endapo riba sokoni itapanda hadi asilimia 14, kwa kuwa mnunuzi anaweza kupata mpya yenye riba kubwa zaidi. Anayeishika hadi mwisho hapotezi kitu, lakini anayelazimika kuiuza ili awalipe wenye amana huipata hasara yote papo hapo. Silicon Valley Bank ya Marekani iliumizwa hivyo: tarehe 9 Machi 2023 wateja waliomba kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, na kesho yake benki ikafungwa.

Benki ikifungwa, nitalipwa kiasi gani? (Msomaji, Thika)

Tangu Julai 2020, bima ya amana nchini Kenya hulipa hadi Sh500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Kinachozidi hapo husubiri mali za benki ziuzwe, jambo ambalo huchukua miaka. Angalia pia kwamba akaunti zako tatu katika benki moja hujumlishwa na kuhesabiwa kuwa amana moja.